Mashine ya chumvi katika bwawa la nyumbani: uliza saa za umeme kabla ya kuuliza bei



Baba mmoja wa Tanga ametuletea barua ndefu ambayo, baada ya salamu na dua, ina maswali matatu. Amejenga bwawa la kuogelea ndani ya ua wa nyumba yake, mita 8 kwa 4, kina chake mita 1 upande mmoja na mita 1.8 upande wa pili. Ukuta ameuinua ili mkewe na binti zake watatu wajifunze kuogelea kwa stara, pasina kuonwa na ajnabi. Sasa yumo katika kuchagua namna ya kuyatakasa maji. Muuzaji mmoja amemshauri anunue mashine ya chumvi, na amemhakikishia kwamba akishaifunga hatahitaji tena klorini wala kupima maji. Shemeji yake aliyeko Maskati naye amejitolea kumtumia mashine nyingine kutoka huko. Anauliza: je, maneno ya muuzaji ni ya kweli? Achukue mashine ya ukubwa gani? Na maji hayo yanafaa kwa kuoga janaba?

Tumeona jibu lichapwe hapa badala ya kumfikia yeye peke yake, kwa sababu zipo familia nyingine zilizomo katika mashauri hayo hayo, na fedha inayotajwa si ya kuchezea.

Ndugu yetu, tuanze na kauli ya muuzaji, maana humo ndimo hatari ilimo. Bwawa lenye mashine ya chumvi si bwawa lisilo na klorini. Ni bwawa linalotengeneza klorini yake lenyewe. Chumvi ya kawaida imeundwa kwa sodiamu na klorini. Maji yenye chumvi yanapopita katikati ya mabamba ya titani yaliyotiwa umeme, klorini hutengana na sodiamu, huyeyuka ndani ya maji na kuua vijidudu, kisha baada ya kumaliza kazi hiyo hurudi kuwa sehemu ya chumvi kama ilivyokuwa. Ndiyo maana chumvi haiishi kwa kutumika. Hupungua kwa maji yanayorushwa nje na waogeleaji, kwa kuosha chujio, na kwa mvua inayofurisha bwawa. Kwa hiyo kinachouzwa ni kiwanda kidogo cha klorini kinachowekwa kwenye bomba la bwawa. Kiwanda hakijui kama leo wameogelea watoto wawili au kumi na wawili, wala hakijui kama jana jua lilikuwa kali. Kumwambia mwenye bwawa aache kupima maji ni kumpa amana ya afya za watoto mtu asiye na macho.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulidhania. Maji ya bwawa hili si kama ya bahari. Bahari ina takriban gramu 35 za chumvi katika kila lita, ilhali mashine nyingi huhitaji gramu 3 hadi 4 tu, na baadhi ya zile zitokazo Australia hutaka gramu 4 hadi 6. Machozi ya mwanadamu yana chumvi nyingi kuliko bwawa kama hilo. Hiyo ndiyo sababu waogeleaji huyaona maji hayo kuwa laini kwa macho na ngozi.

Sasa ukubwa wa mashine, na hapa ndugu msomaji naomba utulie nami, maana hapa ndipo watu wanapopoteza fedha zao.

Bwawa la ndugu yetu, kwa kina cha wastani cha mita 1.4, lina maji lita 45,000 hivi. Kwa jua la pwani yetu, na maji yenye joto kwa karibu mwaka mzima, bwawa la wazi hupoteza kiasi cha miligramu 3 za klorini kwa kila lita kwa siku, hata kama limetiwa asidi ya sayanuriki, ile dawa inayoilinda klorini isiliwe na jua. Ukizidisha utapata gramu 135. Hicho ndicho chakula cha bwawa hili kwa siku moja. Siku za wageni litahitaji zaidi.

Muuzaji, kama walivyo wauzaji wengi, alimwonesha sanduku lililoandikwa kwamba mashine inafaa kwa bwawa la hadi lita 60,000. Ndugu yetu aliona kwamba lita 45,000 zimo ndani ya kipimo hicho na akaridhika. Lakini katika karatasi aliyotuambatanishia, kwa herufi ndogo, mashine ile huzalisha gramu 12 kwa saa. Zile lita 60,000 zimehesabiwa kwa mashine inayofanya kazi saa 24 bila kusimama. Nani kati yetu anayewasha pampu ya bwawa usiku na mchana? Yeye mwenyewe ametuandikia kwamba amepanga saa 8 kwa siku. Gramu 12 kwa saa 8 ni gramu 96. Bwawa linataka 135 na mashine inaleta 96, huku ikifanya kazi kwa nguvu zake zote kila siku. Baada ya wiki mbili maji yatakuwa ya kijani, na fundi ataitwa kuja kusema kwamba mashine ni mbovu, ilhali mashine haina kosa lolote.

Kisha toa saa za umeme unaokatika. Wasomaji wetu wa Unguja hawajasahau ile miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, na sisi wa bara tuna kumbukumbu zetu za mgao. Hata katika wiki njema, saa 2 hupotea. Mashine ya gramu 20 kwa saa huleta gramu 160 kwa saa 8, lakini saa zikiwa 6 huleta 120, nayo haitoshi. Mashine ya gramu 25 huleta 200 kwa saa 8, na 150 kwa saa 6. Hiyo ndiyo ninayomshauri ndugu yetu, na asishuke chini yake. Asiogope kwamba klorini itazidi, kwani mashine hizi zina kitufe cha kupunguza uzalishaji. Ataiweka kwenye asilimia 70 hivi na kuiacha na akiba.

Akiba hiyo si israfu. Kinachochakaa katika mashine ni ile seli yenye mabamba, ambayo yamepakwa utando mwembamba wa madini adimu kama ruthenamu na iridiamu. Utando ukiisha, seli imekwisha, wala haitengenezeki. Watengenezaji wengi hutaja umri wa saa 10,000 za uzalishaji, na zile za bei nafuu hutaja pungufu ya hapo. Mashine ndogo inayozalisha saa zote 8 kila siku hufika saa 10,000 katika muda usiozidi miaka mitatu na nusu. Ile kubwa iliyowekwa kwenye asilimia 70 huzalisha saa 5 na nusu hivi tu kwa siku, kwa hiyo huikaribia miaka 5. Kwa hali zetu za joto na chokaa mimi ningehesabu 4.

Tahadhari moja kwa atakayesoma karatasi za Marekani: huko hupima uzalishaji kwa ratili kwa siku nzima ya saa 24. Mashine iliyoandikwa ratili 1.4 ni kiasi cha gramu 635 kwa siku, yaani gramu 26 na ushei kwa saa. Usiilinganishe na nyingine kabla ya kuzibadilisha zote ziwe gramu kwa saa. Muuzaji asiyeweza kukupa namba hiyo moja, mshukuru kwa chai yake na uende duka la pili.

Je, kuna nafuu ya fedha? Tupige hesabu bila kutaja bei, kwa kuwa bei hubadilika na hutofautiana baina ya Tanga na Mombasa. Klorini ya unga inayouzwa kwa wenye mabwawa huwa na nguvu ya asilimia 65 hivi. Ili kupata gramu 135 za klorini, utatia unga gramu 208 kila siku, ambazo ni kilo 76 kwa mwaka. Kwa miaka 4 ni kilo 304, karibu mapipa 7 ya kilo 45. Basi nenda dukani uulize bei ya pipa moja, uzidishe kwa 7. Upande wa pili andika bei ya mashine nzima, ongeza magunia 6 ya chumvi ya kilo 25 kwa kuanzia, asidi ya kurekebisha maji, na umeme wa mashine usiozidi yuniti 2 kwa siku. Pampu usiihesabu, kwa sababu utaiwasha vyovyote iwavyo, nayo ndiyo mlaji mkubwa wa umeme: ya wati 750 kwa saa 8 ni yuniti 6. Kisha uliza bei ya seli peke yake, maana mwaka wa tano utanunua seli na si mashine. Mara nyingi seli hufika nusu ya bei ya mashine yote au zaidi.

Wapo watakaoona kwamba nafuu ni ndogo, au haipo kabisa. Nawaambia mapema ili wasije wakalaumu. Anayenunua mashine hii kwa tamaa ya kubana matumizi huenda akavunjika moyo. Faida yake iko kwingine: maji hupata klorini kidogo kidogo kila siku badala ya kujazwa leo na kusahauliwa kesho, na pipa la unga mkali halikai stoo ambako mtoto anaweza kulifikia. Mwenye bwawa dogo, tuseme la mita 5 kwa 3, nisingemshauri kununua kabisa. Gramu 90 za unga kila jioni zamtosha.

Tuje kwenye mashine ya shemeji. Umeme wa Oman ni wa volti 240 na mzunguko wa 50, kama wetu, na hata plagi zao ni zile zile za pini tatu bapa. Kwa hiyo mashine itawaka. Tatizo ni siku itakapozimika. Dhamana ya kifaa kilichonunuliwa Maskati kwa kawaida hudaiwa Maskati, na seli haiingiliani baina ya chapa na chapa. Ndugu yetu, kabla ya kumwitikia shemeji, tafuta Dar es Salaam au Mombasa duka linaloweka seli ya chapa hiyo hiyo, si la kuahidi kuiagiza. Kama halipo, mwombe shemeji akutumie mashine pamoja na seli ya pili. Akiona ni gharama, basi na iwe zawadi nyingine. Zawadi inayomwacha mtu na deni la kuihangaikia inampa tabu yeye na aliyeitoa.

Kuhusu ubora wa mashine yenyewe nitataja mambo matatu tu ambayo siwezi kuyaachilia. Kwanza, iwe na kihisi cha mtiririko wa maji. Mashine inapofanya kazi huzalisha pia gesi ya haidrojeni, ambayo maji yanayotembea huichukua na kuitoa nje. Pampu ikisimama na seli ikaendelea kupata umeme, gesi hiyo hujikusanya ndani ya bomba na inaweza kulipuka. Mashine nzuri hujizima yenyewe maji yakisimama, na fundi anapaswa kuiunganisha na pampu ili ziwake na kuzimika pamoja. Usikubali fundi aipe seli waya wake mbali. Pili, iwe na uwezo wa kugeuza mkondo wa umeme katika mabamba ili kujiondolea ukoko wa chokaa. Tatu, kisanduku chake kikae kivulini, mbali na mahali pa kuwekea asidi, kiwe na waya wa ethi, na swichi inayokata umeme mara moja ukivuja. Hapa umeme na maji vinakutana na miili ya watoto wetu. Kile kifaa kinacholinda friji umeme unaporudi kwa kishindo kinafaa kuilinda na mashine hii, mradi kiwe na nguvu ya kuibeba.

Jambo la ukoko lataka maelezo zaidi kwa watu wa pwani. Ardhi yetu kuanzia Tanga hadi Mombasa, na visiwani vilevile, ni ya mawe ya chokaa na matumbawe, na maji ya visima vingi yamebeba chokaa hiyo. Mashine ya chumvi, kwa namna inavyofanya kazi, huinua pH ya maji pole pole. Maji yenye chokaa na pH ya juu huacha ukoko mweupe juu ya mabamba, na mabamba yaliyofunikwa hayazalishi. Hivyo pH isiachwe kupita 7.8, ibaki baina ya 7.2 na hapo, kwa kutia asidi ya haidrokloriki kidogo kidogo. Pima maji ya kisima kabla ya kujaza bwawa. Pima na chumvi yake pia, kwani kuna visima vya pwani vilivyoingiliwa na maji ya bahari, na mwenye kutia magunia 6 bila kupima atajikuta amevuka kiwango na mashine imegoma kuwaka.

Asidi hiyo ina adabu zake. Humiminwa ndani ya maji, wala maji hayamiminwi ndani ya asidi. Haiwekwi chumba kimoja na unga wa klorini, na wala haiguswi kwa chombo kilichotumika kwa unga huo, kwani vikikutana hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua mtu katika chumba kilichofungwa. Watumishi wa nyumbani waelezwe jambo hili kwa lugha wanayoielewa, na wavae glovu.

Chumvi ipi? Tuna mashamba ya chumvi Bagamoyo, Mkinga, na kwa ndugu zetu wa Kenya kule Gongoni, na bei yake ni ya kuvutia. Lakini chumvi ghafi ya shambani huja na tope, magnesiamu na wakati mwingine chuma, ambacho hutia madoa ya kahawia kwenye vigae na kuharibu mabamba. Chumvi ya mezani nayo imetiwa madini ya joto kwa mujibu wa sheria, na mara nyingi dawa ya kuizuia isigandamane. Inayotakiwa ni chumvi ya bahari iliyosafishwa, yenye usafi wa asilimia 99 au zaidi, isiyotiwa kitu. Irushe sehemu zote za bwawa, pampu ikiwa imewashwa na mashine ikiwa imezimwa, kisha subiri siku nzima hadi iyeyuke yote.

Hapa tunaingia katika swali lake la tatu. Ukurasa huu si wa fatwa, na mwenye shaka amrejee sheikh wake. Tunanukuu tu yanayofundishwa katika vyuo vyetu. Katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi pwani hii, wanavyuoni wametofautisha baina ya chumvi itokanayo na maji na chumvi ya mlimani. Maji yaliyobadilika kwa chumvi itokanayo na maji hubakia tohara na yenye kutoharisha, kwani asili ya chumvi ile ni maji. Ama chumvi ya mawe ikitiwa ikayabadilisha maji mabadiliko makubwa, huyaondolea uwezo wa kutoharisha. Kwa hiyo chumvi ya bahari iliyosafishwa, ambayo mashine inaitaka kwa sababu zake, ndiyo pia inayomtoa mtu katika khitilafu. Klorini nayo, kwa kiasi cha miligramu chache kwa lita, ni sawa na ile iliyomo katika maji ya bomba tunayotawadhia kila siku. Mwenye janaba akinuia na maji yakafika mwili wake wote, basi josho lake limetimia, wallahu a'lam.

Na kwa kuwa maji haya ni mengi mno kuliko kula mbili, ambazo hukadiriwa baina ya lita 190 na 270, hayawi najisi kwa kuguswa na najisi mpaka yabadilike. Akina mama wenye watoto wadogo watafarijika na hilo, lakini wasilifanye ruhusa. Hukumu ya tohara ni moja na hukumu ya afya ni nyingine. Ile harufu kali ya mabwawa ambayo watu huiita harufu ya klorini nyingi, kwa kweli ni ya klorini iliyoungana na mkojo na jasho, nayo ndiyo inayowasha macho. Kila anayeingia aende chooni, astanji, aoge kwanza kwa maji ya kawaida, na mafuta ya nywele yabaki bafuni.

Lipo pia suala la jirani. Chujio la bwawa huoshwa kwa kurudisha maji nyuma, na maji hayo hutupwa. Maji yenye gramu 3 za chumvi kwa lita hukausha migomba na michungwa, na yakielekezwa kwenye shimo lililo karibu na kisima, yatafika kisimani kwako na kwa jirani yako, katika ardhi ambayo visima vyake tayari vinapigana na bahari. Ndugu yetu hakutuambia maji yake ya kuoshea chujio yatakwenda wapi. Hili alipatie jawabu kabla ya kuleta gunia la kwanza la chumvi: ama mfereji wa maji machafu wa mji, ama mahali palipo mbali na visima na mimea, kwa ridhaa ya wanaoishi hapo. Akikosa vyote viwili, abaki na klorini ya unga. Hiyo nayo huacha chumvi kiasi, lakini si kwa wingi huo. Stara ya binti zetu haijengwi juu ya kuharibu kisima cha mtu.

Masika yatampunguzia chumvi. Mvua ya milimita 100 huingiza lita 3,200 katika bwawa la ukubwa wake, na likifurika huondoka na kilo 10 hivi za chumvi. Basi apime baada ya kila mvua kubwa, na nyakati nyingine mara moja kwa mwezi.

Klorini na pH vipimwe mara mbili kwa wiki, na hapa nina maoni yangu. Kazi hii ifanywe na watu wa nyumba yenyewe, na hasa mke na binti zake. Ni kuchota maji kwa kikombe kidogo, kutia matone, na kulinganisha rangi. Binti wa miaka 12 anaiweza. Klorini ibaki baina ya miligramu 2 na 4 kwa lita, na ile asidi ya sayanuriki, inayopimwa kwa mwezi mara moja, baina ya 30 na 50, au kama mtengenezaji wa mashine alivyoelekeza. Familia isiyojua kupima humtegemea fundi wa kuja kila wiki, na bwawa lililojengwa ili wanawake wa nyumba wawe faraghani linageuka kuwa mahali ambapo mwanamume ajnabi ana zamu yake. Fundi aje kwa nadra, kwa kazi ya kifundi, na kwa saa iliyotangazwa.

Kopo la klorini ya unga lihifadhiwe hata kwa mwenye mashine, kwa siku za giza refu au seli iliyokufa, likiwa limefungwa kwa kufuli. Na kufuli lingine liwe kwenye mlango wa kuingilia bwawani, maana mashine husafisha maji tu, haimlindi mtoto aliyetumbukia wakati watu wako ndani.

Ndugu yetu wa Tanga, ukishaamua tuletee namba ulizopata madukani: gramu kwa saa, bei ya seli, na bei ya pipa la unga. Tutazichapa hapa bila jina lako, Insha Allah, ili wengine wapige hesabu zao. Wiki ijayo tutajibu barua ya mama wa Likoni aliyeuliza kuhusu tangi la maji ya mvua lililoota ukungu.